Sufuria Isiyoonjwa

Kwenye kantini ya kiwanda ninakofanya kazi wananiita Mama Upawa, na wala si kwa sababu ya kupakua. Ni kwa sababu ya kuonja. Mimi sufuria hainipiti. Nikitoka stoo nachovya upawa, napiga funda, namsema aliyetia chumvi, naendelea na safari yangu. Wasaidizi wangu wanadai hata maji ya kunywa nayaonja kama yameiva. Waache waseme. Watu wa zamu wanakula wanashiba, na sahani zinarudi tupu.

Sasa mtu kama mimi, Mungu akaona ampe mama mkwe ambaye kwake kuonja chakula kikiwa bado jikoni ni kukinajisi.

Ngoja nieleze vizuri. Mume wangu ni fundi wa mafriji, mpole, maneno yake ya kubahatisha. Mama yake alizaliwa kusini mwa India, akaja huku akiwa bi harusi, akazeekea huku. Kiswahili anakijua kuliko majirani, na matusi yake anayajua pia, ila hayatumii. Nyama hali, samaki hali, yai hali. Kitunguu hali, na kitunguu saumu hataki hata kukisikia. Ndiyo maana nyumba yetu ina majiko mawili. La mbele ni langu. La nyuma, chumba chembamba chenye dirisha la kuelekea uani, ni lake. Ukutani kuna picha ya Mungu wake, na chini ya picha kuna taa ya shaba na kibakuli. Humo huingii na viatu, wala huingii hujaoga.

Mimi, kwa miaka yote ya ndoa yangu, sikuingia kabisa. Chakula nilipewa mlangoni kwenye sahani ya stili: dosa, ile chapati nyembamba ya mchele na choroko zilizosagwa zikalala mpaka zikachachuka, pamoja na sambar, mchuzi wa mbaazi wenye ukwaju na mboga. Nilikula nimesimama kizingitini, nikarudisha sahani, nikasema asante. Kilikuwa kitamu cha kuudhi. Kiliniudhi kwa sababu mimi ni mpishi na sikujua kimetiwa nini, na kuuliza nilijiona nitajishusha.

Halafu akaanguka bafuni. Kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa wa kuburuta. Maneno yalimrudia polepole, lakini mkono haukurudi. Na mkono ule ndio uliokuwa jiko lake zima.

Chakula kutoka kwangu hakutaka, na hapo sikumlaumu, maana masufuria yangu yameshapika kila chenye miguu. Akawa anaishi kwa maziwa na ndizi. Mwanawe alijaribu kumpikia, akaunguza sufuria mbili na nyusi zake mwenyewe. Mama akazidi kukonda. Daktari alipompima akatuita pembeni, akatuambia bila kuzungusha maneno kwamba mgonjwa huyu hauawi na kiharusi, anauawa na njaa. Asipoanza kula chakula cha maana tumtie mpira wa puani, na kwa umri wake hata huo mpira asingeuwekea dhamana.

Mume wangu alilia njiani. Mimi huwa silii, mimi hukasirika. Nikamwambia naomba zamu ya alfajiri, mchana nitakuwa jikoni kwa mama yako, apende asipende.

Siku ya kwanza mama mkwe aliniangalia kucha, akaniangalia nywele, akaniambia nikaoge. Nilikuwa nimeoga. Nikaenda nikaoga tena, najisugua kwa hasira hadi ngozi inawasha.

Akakaa kwenye kigoda chake mlangoni, mkono uliolala kaulaza mapajani, akawa ananielekeza kwa kidevu. Kaanga uwatu kwanza, na moto mdogo. Sasa giligilani. Pilipili kavu mwisho. Saga. Kamua ukwaju. Mbaazi zipondwe mpaka zisijijue. Halafu samli ya moto, haradali ndani, zikisharuka zikatulia tia majani ya mchuzi, na mwisho kabisa mvuje. Mvuje ni utomvu mkavu, na kopo lake ukilifungua unamtazama jirani vibaya kwa jinsi linavyonuka. Mvuje huo ukigusa mafuta ya moto, lo, nyumba nzima inashikwa na njaa. Kumbe ndio huo ulionitesa miaka yote pale kizingitini.

Nilipomimina samli yote juu ya mchuzi, ukalia chwaa, nikafanya kile ambacho mkono wangu umekifanya tangu niwe mpishi. Nikachovya, nikaonja.

"Umefanya nini?" akauliza.

"Nimeonja chumvi, mama."

"Mwaga."

Nilidhani ni utani. Hakuwa mtu wa utani. Akanieleza, taratibu, maneno yakimwia mazito, kwamba chakula kikiiva huwekwa kwanza kwenye kibakuli mbele ya picha, taa ikawashwa, ndipo watu wale. Aliyeonja ameshakula. Na Mungu hapewi makombo. Nikamuuliza chumvi nitaijuaje.

"Inanuka," akasema.

"Chumvi hainuki, mama."

"Kwako."

Nilimwaga sambar yote uani kwenye miche ya maua, na kama miche ile ilikauka baadaye sijui. Siku hiyo akanywa maziwa. Nami nikaenda jiko la mbele nikapiga mifuniko ya sufuria hadi mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia kuna mama yako, yuko tayari kufa kuliko kula kilichogusa mate yangu. Akakuna kichwa. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na mume wangu ni nyasi tangu azaliwe. Akasema nivumilie.

Kuvumilia ningevumilia, ila mkono nao una akili zake. Kesho yake nikaonja tena, bila kujua, kama mtu anavyojikuna. Mwaga. Keshokutwa nikashtuka upawa umeshafika mdomoni. Mwaga. Basi nikajifunga kitambaa mdomoni, nikakifunga kwa nyuma kwa fundo la nguvu. Jirani alipochungulia akaniuliza naenda kuvunja benki ipi. Nikamwambia ya kwenu.

Na kwa kitambaa kile, nisiwe mnafiki, nilijifunza. Nilijifunza kusikia haradali: zikipiga kwa kasi bado, zikianza kupumzika tia majani. Nilijifunza unga wa dosa kwa mkono, namna unavyovuta vidole ukiwa tayari. Nilijifunza kutandaza dosa kwa mgongo wa upawa, kuanzia katikati kwenda nje, bila kubonyeza. Za mwanzo zilitoka kama ramani za nchi zenye vita. Baadaye zikatoka duara, ukingo unameta. Kila nilipomaliza mchuzi, mama mkwe alifumba macho, akasogeza uso juu ya mvuke, akavuta pumzi ndefu. Halafu hukumu. Chumvi bado. Ongeza. Bado. Ukwaju tosha. Nami nikatii, kwa sababu kumbe kuna watu wanaojua kitu mpaka kinafika puani, nikajisemea huyu mwanamke ni fundi, hata kama roho yake ni jiwe.

Kibakuli kinawekwa, taa inawashwa, midomo yake inacheza kidogo. Kisha namlisha. Kwa mkono wa kushoto hakubali kula, hivyo tonge nalifinyanga mimi, namtia mimi kinywani. Analichukua, analitafuna muda mrefu sana, analimeza kama mtu anayemeza dawa. Matonge machache, anageuza uso.

"Kizuri," anasema. "Nimeshiba."

Ameshiba nini? Bangili zilikuwa zinampwaya mpaka kwenye kiwiko. Tukirudi kwa daktari mizani inateremka, daktari anatutazama kama vile tunakula wenyewe tukimficha.

Mimi nikajua. Nikajua tatizo ni mimi. Angeweza kunifanya nioge mara saba na nijifunge kitambaa mpaka machoni, lakini tonge likitoka kwenye vidole vyangu lilikuwa halipiti kwenye koo lake. Nilimchukia. Nasema ukweli, nilimlisha nikimchukia, na kila "nimeshiba" yake ilinichoma. Na kiburi ninacho na mimi. Nilijiapiza kuwa kama chakula cha mkono wangu hakimfai, basi na mimi cha jikoni kwake sitakigusa, hata kikibaki. Nikimaliza kumlisha nafungua kitambaa changu, naenda jiko la mbele nakula maharage yangu. Mume wangu ndiye aliyekula kilichobaki, jioni akitoka kazini. Nilimuuliza kikoje, akasema kizuri, huku anakunywa maji.

Basi siku hiyo mvuje ulikuwa umeisha. Mume wangu alileta kopo jipya, nikaliweka dirishani niwe nalo karibu wakati wa kuunga. Samli ikapata moto, haradali zikaanza kuruka, na muuza gesi naye akaona ndio wakati wa kugonga geti kama anadai mke. Nikatia majani, nikamwaga kwenye mchuzi haraka haraka, nikakimbia getini, nikarudi. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda, macho kayafumba, uso juu ya mvuke.

"Leo mvuje umekaa vizuri," akasema. "Jana ulizidi."

Nikatazama dirishani. Kopo lilikuwa pale pale, na karatasi yake ya plastiki kifunikoni, halijafunguliwa.

Nilisimama na upawa mkononi nikasahau upawa ni wa kazi gani. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba ananifurahisha. Lakini huyu mama hakuwahi kumfurahisha mtu kwa maneno tangu nimjue. Nikaenda jiko la mbele, nikachukua punje ya kitunguu saumu, nikaiponda kiganjani hadi mkono mzima ukanuka. Sikuoga. Niliingia hivyo hivyo jikoni kwake, na kitunguu saumu chake kisichotajwa, nikainama kumweka sawa mtandio shingoni, nikapitisha kiganja mbele ya pua yake na kukiacha hapo. Zamani nikimenya saumu jiko la mbele, yeye alifunga mlango wake wa nyuma.

"Asante, mwanangu," akasema.

Hakuwahi kuniita mwanangu. Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie na mkono wangu.

Nikakaa chini sakafuni. Nikamwambia, "Mama, leo sikutia mvuje."

Akafumbua macho. Akanitazama mimi, akalitazama kopo dirishani.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu bafuni."

Habari ikatoka kidogo kidogo. Alipozinduka hospitali alishangaa mahali pale palivyo safi, hapana hata harufu ya dawa. Aliporudi nyumbani maziwa yakawa maji mazito, na ndizi ikawa karatasi iliyolowa. Akajipa moyo kwamba ladha itarudi, kama maneno yalivyorudi. Haikurudi. Kila nilichomlisha kilikuwa kitambaa mdomoni, kinajaa, hakipiti, naye akawa anameza matonge machache kwa ajili yangu, kwa sababu aliniona ninavyojifunga kile kitambaa. Kwa ajili yangu! Nami huku namchukia. Hukumu zake zote za chumvi na ukwaju alikuwa anakisia kwa mazoea, kwa namna povu linavyokaa.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Hata mwanawe asimwambie?

"Mkono umekwenda," akasema. "Ningewaambia na pua imekwenda, kwenye hiki kigoda ningekaa kufanya nini?"

Nikamweleza na la kitunguu saumu, kwa sababu nisingeweza kukaa nalo. Hakukasirika. Alinyoosha ule mkono wake wa kushoto, akanishika kiganja, akakipeleka puani. Akavuta pumzi kwa nguvu. Akavuta tena, kifua kinapanda, macho kayabana kama mtu anayesukuma mlango.

"Hakuna kitu," akasema, akaniachia.

Nilikwenda kwenye friji nikatoa mchuzi wa jana, nikaonja. Loh! Chumvi ile ungeweza kuhifadhia ngozi. Jioni nilimkalisha mume wangu nikamuuliza amekula vile siku zote hizo bila kufungua mdomo, kwa nini. Akasema alidhani ndivyo mama anavyotaka, na mimi nilikuwa nimeshajitahidi sana, hakutaka kuniumiza. Nilimpa maneno ambayo hayahusiani na mpishi wala fundi friji. Halafu nikamweleza yote, akafunika uso. Alipoinua uso akasema basi, imetosha, kesho mchana tunampeleka akatiwe mpira. Mama yake alisikia kutoka chumbani. Hakupinga. Alisema tu kwamba kabla ya kuondoka nipike tena.

Asubuhi nikaenda kazini, nikarudi mapema, nikaoga, nikajifunga kitambaa. Nilipika kwa uangalifu ambao sijawahi kuwapikia hata mabosi. Biringani, mbaazi, ukwaju. Haradali zikaruka, zikapumzika. Majani. Mvuje, safari hii kopo nimelishika kwa mikono miwili. Mume wangu alikuwa nje anawasha gari, na begi la hospitali lilikuwa limeshawekwa mlangoni. Nikageuka kwa mama mkwe kama kawaida, nikangoja afumbe macho na kusogeza uso kwenye mvuke.

Hakufumba. Alikuwa ananitazama.

"Onja," akasema.

Nikadhani maneno yamempotea tena. Nikamkumbusha kwamba kibakuli bado, taa bado.

"Kibakuli kifunike. Leo siwezi kumpa Mungu. Nimempa miaka yote kabla sijala mimi. Leo sina wa kunionjea ila wewe."

Nikakifunika kibakuli. Fundo la kitambaa lilinigomea, mimi Mama Upawa ninayeonja mapipa. Ilibidi nikivute kitambaa chini kwa nguvu. Nikachovya. Nikaonja.

"Ehe?"

"Kizuri, mama."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kikoje?"

Nikaonja tena, polepole. Nikamwambia chumvi imepungua kidogo. Pilipili inafika kwanza, inakaa nyuma ya koo. Ukwaju unakuja baadaye, kwa mbali.

"Baadaye?" akauliza. "Hapana. Ukwaju utangulie. Ongeza."

Nikaongeza, na chumvi kidogo, nikaacha uchemke, nikaonja. Sasa unatangulia, nikamwambia, unabana pembeni mwa ulimi hapa, kisha mbaazi inakuja inaupoza, na pilipili inafuata mwisho. Akauliza uwatu je. Nikamwambia uko, uchungu mdogo tu, ukishameza ndipo unaujua. Akafumba macho. Midomo yake ilicheza, lakini haikuwa ile ya mbele ya taa.

"Hapo," akasema. "Acha hapo hapo."

Nikapakua. Nikafinyanga tonge la kwanza, na kabla sijamtia nikamwambia: hili lina biringani, limeiva mpaka linateleza, na ngozi yake imeshika ukwaju. Akalitafuna. Akalimeza, akafungua kinywa. Hili lina jani la mchuzi, ukilikuta litafune, linatoa harufu ya limau na moshi. Akalitafuta kwa ulimi, nikaona shavu linavyokwenda, akalitafuna. Hili ni mbaazi tupu na samli. Hili lina pilipili, jihadhari. Mume wangu alikuja kutuita, akatukuta, akasimama na ufunguo wa gari mkononi. Nikamwashiria anyamaze, ingawa hakuwa amesema kitu.

Mama mkwe alikula huku machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, hakuyafuta, wala mimi sikuyafuta kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kazi. Sahani ilipokwisha, akaniuliza kama sufuriani kimebaki.